Kigoda Kilichotoka Nje na Mwenyewe

Kabla hujaniapia kwamba nyumba uliyopanga haina wadudu, mwanangu, inua godoro. Si hapo katikati. Hapo hata mimi ningekuwa kunguni nisingelala. Shika pembeni, penye mshono, halafu angalia kwa tochi ya simu. Umeona vidoa vyeusi, ni kama mtu amegusagusa na ncha ya biro? Basi huishi peke yako. Karibu kwenye kazi yangu.

Mimi nimestaafu. Niko Lodwar, nafuga mbuzi wachache wasio na adabu, na bomba langu la dawa limening'inia ukutani. Ila vijana hawanipi nafasi. Simu inalia: "Mama Akai, nimehamia nyumba mpya na kuna kitu inaniuma." Kitu! Mdudu ana jina, na ukilijua jina lake umeshajua anakolala. Ukiniambia "kitu" nakukatia simu. Haya, sikati, lakini nitakucheka kwanza.

Nilipoanza kazi hii watu walidhani nimerukwa na akili. Mwanamke wa Kiturkana, shanga shingoni, bomba mgongoni, barakoa usoni, gamtubuti miguuni kwenye joto hili letu! Watoto walinikimbia. Mlevi mmoja pale sokoni aliinua mikono juu akanisalimia, "Ejok, afande, mimi naenda nyumbani tu." Nikamwambia nenda, na usirudie. Mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Aliyenifundisha ni Barasa, fundi mmoja mfupi mwenye kicheko kikubwa, mtu wa upande wa Bungoma. Alikuja Lodwar kuuza sufuria, akagundua kwamba watu hawana shida ya sufuria, wana shida ya mende walio ndani ya sufuria. Akabadilisha biashara. Huyo Barasa hakuwahi kuingia nyumba ya mtu na dawa mkononi. Aliingia na shuka nyeupe. Anaitandika sakafuni, anaanza kukung'utia juu yake kila kitu: viatu, mapazia, kalenda za ukutani, hata fremu ya picha ya harusi. Kwenye sakafu ya udongo au saruji mdudu humwoni. Kwenye shuka nyeupe hana pa kujificha, na mwenye nyumba hana la kubisha.

Kuna karani mmoja hapa mjini ambaye redio yake ilikuwa inanong'ona tu. Ameipeleka kwa mafundi, wapi! Siku tulipokwenda kupiga dawa, Barasa akaichukua ile redio, akaifungua mgongo, akaikung'uta juu ya shuka. Jamani! Mende walimwagika ukoo mzima, na mabibi na mabwana na vitukuu. Barasa akafunga, akawasha. Redio ikapiga kelele, "Habari za asubuhi msikilizaji!" na yule karani, kwa kushtuka, akajibu, "Nzuri sana!" Nilicheka mpaka nikaketi juu ya bomba.

Sasa nyinyi mna dawa za kisasa, ile ya mende mnayoitia kwenye pembe za kabati kwa sindano, haina hata harufu. Nzuri sana, siisemi vibaya. Sisi tulipuliza kila kitu, na tulijifunza kwa pua zetu. Siku moja nilipiga dawa nje ya ukuta bila kuangalia upepo. Upepo wa Lodwar mnaujua, hauna rafiki. Dawa yote ilinirudia mimi. Nilinuka wiki nzima, mume wangu akahamishia kitanda chake uani, na mbu walinipisha njia.

Tena nisikilize vizuri hapa, maana hapa sichezi. Ile dawa inayouzwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala jina, usinunue. Kama muuzaji hajui ni dawa ya nini, mtoto wako ataijulia wapi? Vyombo vya kupikia vitoke nje. Watoto watoke nje. Usirudi mpaka pakauke na hewa ipite. Na godoro, kabla ya kufikiria dawa, lianike juu ya mabati saa sita mchana, uligeuze, ulianike tena. Tuna jua ambalo watu wengine wangelipa kulipata. Viatu navyo, hata kama hakuna kunguni, vikung'ute kila asubuhi, kwa sababu nge wa Turkana haombi ruhusa ya kuingia.

Lakini nimeketi leo niwaambie habari ya ploti ya Mama Nasike, kule Kakuma. Kazi zote nilizofanya, ile ndiyo nikikumbuka usingizini nacheka mwenyewe.

Ploti yenyewe ni safu ya vyumba vya mabati, bomba moja la maji, geti moja, na mti mmoja wa kivuli ambao mbuzi wameugombania mpaka umeinama. Mama Nasike ndiye mwenye ploti, mwanamke mkali, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya laga, ule mto wetu mkavu. Chumba cha kwanza, kile kinachoangalia barabara, alipanga Furaha, binti wa Kikongo, fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa mlangoni, na nguo alizoshona zilipeperuka juu ya mlango zikiwaita wateja. Alikuwa peke yake, hana ndugu pale. Hicho chumba ndicho kilichomlisha.

Kunguni walipotokea, niliitwa. Nikapiga dawa vyumba vyote, kazi safi. Baada ya muda wakarudi. Nikapiga tena, nikaanika magodoro, nikaunguza nyufa za vitanda kwa maji yanayochemka. Wakarudi! Na kila mtu akageuka kumwangalia Furaha. Mgeni ni nani? Furaha. Aliyekuja na godoro kuukuu ni nani? Furaha. Basi, kesi imeisha, hakuna wakili.

Mara ya tatu nilipofika, nilikuta cherehani iko nje kwenye mchanga, juani. Wapangaji wamesimama. Mama Nasike yuko katikati ya uwanja, mkono kiunoni.

"Mwenye kunguni atahama leo," akasema. "Nimesema mbele ya watu wote, na mimi sirudii neno. Mama Akai atapiga dawa ya mwisho, na huyu anatoka."

Furaha alinishika mkono. "Mama, miye nitaenda wapi? Soko yote banasema kunguni ni za Furaha. Nani atanipangisha? Miye nilikimbia kwetu nikaacha vitu yote, hata viatu. Sasa kunguni ndio nilibeba?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote pamoja. Nikamwambia, "Nipe mpaka jioni, mwanangu." Halafu nikageuka haraka, kwa sababu kusema kweli sikuwa na la kufanya. Dawa ilikuwa nzuri. Nyufa niliziunguza. Hawa wadudu walikuwa wanarudi kwa miguu ya nani?

Nikapaza sauti kama kawaida, "Toeni vitu vyote nje!" Vitu vikaanza kutoka: vitanda, magodoro, masanduku, neti, mapazia, mtungi wa gesi, kuku aliyekuwa ameatamia chini ya kitanda cha mtu na kukasirika sana. Nikatandika shuka ya Barasa, nikakung'uta kimoja baada ya kingine. Kwa Furaha nilianzia. Godoro lake safi. Mkeka wake safi. Sanduku lake la vitambaa, nikakung'uta kitambaa kwa kitambaa, safi! "Amewaficha," jirani mmoja akanong'ona. Mungu wangu, mtu atamficha kunguni wapi, benki?

Wa mwisho kutoka ndani alikuwa Apa Lokeris, baba mzazi wa Mama Nasike. Mzee mrefu, mwembamba, ana unyoya kofiani, anapendwa na ploti nzima. Huyu mzee alikuwa na ziara zake. Asubuhi anakunywa chai kwa mwalimu, mchana anapumzika kwa muuza mitumba, alasiri yuko kwa Furaha, kwa sababu Furaha hutia tangawizi. Hakuna chumba asichojinyoosha chini kidogo na kusinzia. Na kila anakokwenda anabeba ekicholong yake.

Kama hujawahi kuishi kwetu, ekicholong ni kigoda kidogo cha mbao chenye ukanda wa ngozi. Mwanaume anakikalia, na akitaka kulala anaweka kichwa juu yake. Hakiazimwi. Hakikaliwi na mtu mwingine, na mwanamke ndiyo hata hakigusi. Ukisema "toeni vitu vyote", hakuna mzee wa Kiturkana atakayefikiri unasema ekicholong yake. Hicho si kitu cha nyumba. Hicho ni chake, kiko naye.

Apa Lokeris akatoka, akanipita mimi, akaipita shuka, akaenda kwenye kivuli cha ukuta, akajinyoosha, akaweka kichwa juu ya kigoda chake. "Hii dawa yenu nanuka sana," akasema, na bomba hata sijalifungua, akafumba macho.

Halafu akajikuna shingo.

Nikasimama. Watu wa vyumba vile waliumwa mikononi, miguuni, mgongoni. Mzee alikuwa na vipele nyuma ya shingo tu, vimejipanga vizuri. Nikasogea, nikachutama, nikajifanya nafunga kamba ya gamtubuti. Na hapo, wanangu, kwenye ule ukanda wa ngozi, nikamwona kunguni mmoja ametoka kwenye ufa, anatembea polepole, hana haraka na maisha, anaelekea sikioni kwa mzee. Nilipiga ukelele, mbuzi wakakimbia.

"Nini?" akauliza Mama Nasike.

Sasa utasemaje? Utasimama mbele ya watu, wewe mwanamke, useme ekicholong ya mzee, baba wa mwenye ploti, ndiyo hoteli ya kunguni? Nikamwangalia Furaha pale karibu na cherehani yake, anaifuta mchanga kwa upindo wa kitenge. Nikasema liwalo na liwe.

"Apa," nikamwita kwa heshima zote. "Kila kitu cha ploti hii kimepita kwenye shuka yangu. Kimebaki kimoja. Mimi siwezi kukigusa, na wewe unajua. Nakuomba ukigonge wewe mwenyewe."

Mama Nasike akavimba. "Umemtusi baba yangu!"

"Sijamtusi. Nimemwomba."

"Kigoda hiki nililalia tangu nachunga ngamia," mzee akasema, ameketi wima sasa. "Mdudu gani nakaa hapa? Mimi nasikia kila kitu."

"Basi tuone, Apa, ili nikose mimi na unicheke."

Mzee anapenda kucheka watu. Akaja. Akasimama juu ya shuka, akagonga kigoda mara moja. Hakuna kitu. Akagonga tena. Hakuna kitu! Mama Nasike akafungua mdomo, na Furaha akainamisha kichwa. Jasho lilinitoka mpaka kwenye gamtubuti. Nikasema, "Kigeuze, Apa. Gonga hapo ukanda ulipofungiwa."

Akageuza, akagonga.

Akaanguka mmoja. Akasimama, akajikagua, akaanza kutembea katikati ya shuka nyeupe kama ndiye mwenye ploti. Nyuma yake akaanguka mwingine. Halafu wakamwagika! Wakubwa, wadogo, walioshiba mpaka wamekuwa wekundu. Mwalimu akaruka juu ya meza. Muuza mitumba akasema, "Huyo nilimwona kwangu!" eti anamtambua kwa sura. Watu walipiga mayowe, wakacheka, wakajikuna, hata wale ambao hawakuwa wanawashwa.

Apa Lokeris hakucheka. Aliangalia shuka. Aliangalia kile kigoda. Halafu akamwangalia binti yake.

"Nasike, umesema nini leo asubuhi?"

"Baba, hayo tuachane nayo..."

"Umesema mwenye kunguni atahama. Umesema mbele ya watu. Umesema hurudii neno." Akachukua fimbo yake, akajifunga shuka yake ya mabega. "Basi nahama."

Na akatoka! Wanangu, yule mzee alipita geti, akasimama nje barabarani, juani, ameegemea fimbo, mguu mmoja juu ya goti la mwingine, anaangalia upande wa laga. Bodaboda zinapita zinampigia honi, "Ejoka, Apa!" naye anajibu, "Ejok. Nimefukuzwa."

Mama Nasike alikimbia na kiti cha plastiki. Mzee akakataa. Akamletea maji, akakataa. "Baba, rudi ndani, watu wanaona!" Mzee akasema, "Nasubiri mwenye nyumba anikaribishe. Yule mwenye tangawizi. Yeye ndiye mmemwekea kunguni zangu."

Mama Nasike alirudi uwanjani, ile sauti ya kuita ng'ombe imepotea kabisa. Akasimama mbele ya Furaha. "Mwanangu, nenda umkaribishe mzee."

Furaha alikuwa mpole, lakini siku ile Mungu alimpa ulimi. "Miye nitamukaribisha wapi, Mama? Niko na nyumba? Vitu yangu iko inje."

Tulivyoangaliana mimi na mwalimu! Mama Nasike, mbele ya wale wale watu, akainama, akaikumbatia cherehani ile ya chuma na meza yake, akaiinua akiguna, akaibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaiweka mahali pake, akapangusa mikono, akasema, "Nimekukosea. Chumba ni chako. Sasa, tafadhali, mzee ataungua."

Furaha akatoka getini kwa madaha, kama bibi harusi. "Karibu kwa nyumba, babu. Chai iko."

"Iko na tangawizi?"

"Iko."

"Haya," mzee akasema, na akaingia. Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, na nusu ya makalio yake ilikuwa hewani, kwa sababu hajawahi kukiamini kitu kinachopinda. Hapo ndipo kicheko kilipomjia. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani, na sisi wote tukamfuata, na Mama Nasike alicheka huku anafuta machozi ya aibu.

Kigoda chenyewe tulikitibu, na hili mlishike, maana vitu vya mbao vya heshima havipigwi dawa ya bomba. Mtu ataweka kichwa hapo. Tulitafuta sanduku la bati la shule, mzee mwenyewe akakiweka ndani, tukafunga kifuniko, tukaliacha juani siku kadhaa juu ya mabati. Huwezi kuligusa lile sanduku kwa mkono mtupu. Akalisimamia akiwa mbali kidogo kama mtu aliyelaza mgonjwa hospitalini. Kilipotoka alikipaka mafuta ya kondoo, akajaza nyufa zote kwa nta. Tangu hapo sikuitwa tena kwa ajili ya kunguni pale, ila niliitwa chai.

Furaha naye hakuishia hapo. Alikishonea kigoda mfuko wa kitambaa cheupe, wenye kamba ya kufunga, na kwa sababu alikuwa na mabaki ya nguo ya harusi ya mtu, akaupiga lesi pembeni. Lesi! Mzee wa watu, unyoya kofiani, fimbo mkononi, anakwenda barazani na ekicholong iliyovaa gauni. Wazee wenzake walimcheka hadi wakaishiwa pumzi. Yeye akawaambia, "Nyinyi mnalala na wageni, mimi nalala peke yangu." Kufikia mkutano uliofuata, wawili walikuwa wameshapita kwa Furaha kimyakimya kuulizia mfuko, ila usio na lesi.

Kwa hiyo nyinyi mnaoshika mabomba sasa, mkifika mahali mkaambiwa wadudu ni wa yule mgeni, msifungue dawa. Tandikeni shuka. Kisha simameni mlangoni, muangalie watu wanatoka na nini mikononi, hasa kile ambacho hakuna anayekiona kama kitu. Hiyo shuka ya Barasa ninayo bado, imekuwa rangi ya chai, na simpi mtu mpaka nione kijana mwenye macho.

Juzi Furaha alinipigia simu. Nikajua ni kunguni, nikaanza kutafuta gamtubuti. Kumbe sivyo. Mzee mmoja alikuwa ametoka Nakalale, amesafiri na kigoda chake kwapani, amesimama getini anauliza anapatikana wapi yule mwanamke wa Kikongo anayevalisha vigoda nguo. Na Mama Nasike, kwa ile sauti yake, akamwonyesha mlango wa kwanza akamwambia, "Unamtafuta fundi wetu? Yuko, ingia."

Furaha alikuwa anacheka na kulia kwenye simu, simsikii vizuri. "Mama, umesikia? Alisema *wetu*."